Goli Tulilomrithisha Yusuf

Adan, ndugu yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda salamu ndefu. Nakuandikia kwa Kiswahili, maana ndicho tulichotumia kugombezana uwanjani, Wasomali, Wapokomo na watu wa bara, kila mtu na lafudhi yake. "Bigeni mbira!" ulikuwa ukitupigia kelele kutoka golini, kila p ikigeuka b, na hata timu pinzani ilicheka.

Tangu homa ile ya mafuriko ikuchukue, barabara ya Nairobi ikiwa imekatika na gari la kukupeleka hospitali likiwa limekwama matopeni, timu yetu ya hoki ilikaa miezi bila kipa. Hapana, nasema uongo. Kipa tulikuwa naye. Alikuwa Yusuf, mdogo wako, fundi cherehani.

Usinicheke. Tulipokaa kuchagua, kulikuwa na makipa wawili wasio na timu. Mwalimu mmoja wa Masalani alisafiri siku nzima kuja kujaribiwa. Tukamnywesha chai ya maziwa, tukamshukuru, tukamrudisha. Koplo Otieno, aliyehamishiwa hapa majuzi, alikuwa amekaa golini miaka mingi huko bara. Naye tukamwambia asubiri. Nani angethubutu kumweka mgeni mahali pako mbele ya watu wa kwenu? Unajua mambo yetu: mtu akifa, ndugu yake humwoa mjane ili nyumba isivunjike. Wewe hukuacha mke, basi tukamrithisha Yusuf goli. Mimi mwenyewe nilimpelekea pedi zako za miguu, zile za sponji na ngozi ya ngamia. Alizipokea kwa mikono miwili. Nikadhani ni heshima.

Adan, mdogo wako anaogopa mpira. Anafumba macho! Kwanza alipasuka mdomo, kisha akavunjika kidole, tena cha mkono wa kushonea. Wanafunzi wa sekondari walitufunga saba. Na mimi, nahodha, kila Ijumaa baada ya alasiri nilisimama mbele yake nikijifanya sioni. Wenzetu wakininong'oneza, nilikuwa na jibu moja tu: "Mama yake atasemaje?"

Ijumaa moja mpira ukampiga juu ya jicho. Nikamshika mkono hadi nyumbani. Mama yako alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa. Akakiweka chini. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alimfuta damu kwa ncha ya shuka yake, kisha akaniuliza, "Adan nimempa Mungu. Huyu mnamtakia nini?"

Nikasema tulidhani yeye ndiye anayetaka Yusuf ashike nafasi yako. Yeye akasema alidhani hatuna mtu mwingine, akaona aibu kutunyima. Yusuf naye, kiganja kikiwa juu ya jicho, akasema aliona akikataa goli atakuwa amekukataa wewe. Miezi yote hiyo tumeoneana haya watu watatu, na anayepigwa ni mmoja. Nilikaa pale mkekani nikalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Sikuwa nikililia hoki.

Kesho yake nikamfuata Otieno kambini kwao. Hakuninunia. "Nilijua mtakuja, nahodha," alisema. "Msiba hauharakishwi." Lakini jamaa ni mrefu, pedi zako hazimfiki magotini. Mama yako akatoa godoro lako, lile lililokaa limekunjwa pembeni tangu siku ile bila mtu kuthubutu kulilalia. Yusuf akalikata, akashonea vipande juu ya pedi, jicho moja likiwa bado limevimba. Mishono imenyooka, huwezi kuona vipande vilipounganishwa. Hiyo ndiyo kazi yake, na sisi tulikuwa tunamharibia vidole.

Jana tulicheza. Tulifungwa mbili kwa moja, kwa hiyo usidhani mambo yamekuwa asali. Otieno alizuia mipira mingi. Yusuf alikuwa kando ya uwanja akitupigia kelele kwa sauti ile ile yako, nikageuka mara mbili nikidhani ni wewe. Macho yake yalikuwa wazi.

Pumzika, ndugu yangu. Mungu alipanue kaburi lako. Nakuahidi hivi: kila Ijumaa kabla ya mechi nitapita kwa mama yako, nimwambie kwamba leo hakuna mtoto wake aliye golini.

Nahodha wako,
Ibrahim