Sahani ya Mama

Kambini Nakivale, Uganda, Jumapili

Yaya Pascaline, dada yangu wa huko Kanada,

Furaha ni mingi, sijui nianzie fasi gani! Mama hana kifua kikuu! Nilimpeleka hospitali Mbarara, wakampima makohozi na pumzi. Ni pumu, inachokozwa na moshi wa kuni! Daktari amemfundisha kuvuta dawa ya pompi polepole kupitia chupa tupu ya maji iliyotobolewa kitako. Leo kanisani ameimba beti zote!

Ile sahani tuliyomtengea peke yake miaka mitatu kwa kuogopa kikohozi chake, bila hata kumpima, nimewapa kuku. Tumekula naye fufu kwenye sinia moja. Alimeza tonge, kisha akasema, "Kumbe Pascaline angeweza kunikumbatia siku ile alipoondoka."

Mpigie leo ukisoma ujumbe huu, Yaya. Simu ameishika mkononi.

Mdogo wako,
Yvette