Gesi Isiyo na Harufu

Magarama, Gitega
9 Machi 2024

Mpendwa Shangazi Efrazia,

Shikamoo. U mzima huko Mwakiro? Na mgongo je, unakuruhusu kulima? Sisi hatujambo, ila mvua haitaki kutuacha.

Mwaka huu nasoma kemia. Unanijua, Shangazi, mtu wa kuota macho wazi. Mwalimu Anatoli akiandika ubaoni, mimi naona herufi zinatembea. C ni kaboni, iliyomo kwenye mkaa. O ni oksijeni, ile tunayovuta. Ningeweza kukaa mchana kutwa nikizitazama zinavyoshikana mikono.

Wiki iliyopita alitufundisha jinsi mkaa unavyoungua. Hewa ikitosha, kila kaboni hupata oksijeni mbili, ikawa CO₂. Chumba kikifungwa na hewa ikapungua, hupata moja tu: 2C + O₂ → 2CO. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Anayeivuta husinzia tu, na asiamke.

Mvua ilikuwa inapiga bati, nami nikamwona mama waziwazi, kama asubuhi ile tulipofungua mlango wake. Jiko la mkaa kando ya kitanda. Dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi na homa yake. Watu wakasema ni uji wako, kwamba umemlisha wifi yako sumu, na baba hakuwakanusha. Ndipo ukahamia huko Mwakiro, Muyinga, na aibu isiyo yako.

Nililia darasani mbele ya wote. Shangazi, uji wako haukuwa na kosa lolote.

Nilipofika nyumbani nikamwandikia baba mlinganyo ule uani, chini, kwa kipande cha mkaa. Nikamweleza polepole. Aliinama akazifuata herufi kwa kidole, moja moja. Kisha akasema, "Jiko niliingiza mimi. Alikuwa anatetemeka. Nikafunga dirisha, nikaenda zamu."

Nimemwambia hakujua, na kwamba alifanya kwa kumpenda. Ananisikia, lakini chakula kinamshinda. Namhurumia sana, na wewe nakuhurumia zaidi.

Nisalimie Baba Ursula, na Ursula mwenyewe. Emiliana, jirani yetu, anakukumbuka kila akipita. Mungu awalinde, na usiku mwache dirisha wazi kidogo.

Jumapili baba atapanda gari la Muyinga. Hajui atakuambia nini. Ukimwona amesimama mlangoni hasemi, usimngoje aanze. Mwite kaka, kama zamani.

Ni mimi nikupendaye,
Melania