Vidonge vya Mzee Shomari

Alhamisi. Mvua tangu asubuhi, Tandika nzima ni tope tupu. Nimechoka, na si uchovu wa kazi.

Leo nimemwambia Bi Mwanaidi ukweli. Nimechelewa miezi minne.

Mumewe, Mzee Shomari, ni fundi cherehani. Kiharusi kilimpata mwezi wa Ramadhani. Upande wa kulia ukafa, maneno yakapotea. Mpwa wao aliyeko Ulaya akawatumia kipande cha gazeti: wataalamu wanajaribu dawa za kuukinga ubongo na ile sumu inayozalishwa damu ikikatika kisha ikarudi. Ikatajwa na vitamini E, kuwa ni ya ukoo huohuo. Bi Mwanaidi akaja na kipande hicho dukani.

Mie nilikuwa muuguzi kabla ya kupunguzwa kazini. Siku hizi nauza kwenye duka la dawa la mtu binafsi, maana maduka hayo sasa yameruhusiwa na yanaota kila mtaa. Tajiri wangu, mwenye duka, alisema, "Mwambie vitamini E ndiyo dawa hiyohiyo."

Nikamwambia.

Nilijua si hiyohiyo. Dawa zile bado zinajaribiwa, tena zinatakiwa ziingie mwilini saa za mwanzo tu. Ubongo uliokwisha kufa haufufuki kwa kidonge. Nilijua, na bado kila wiki nilimfungia vidonge kwenye karatasi, naye akaniombea dua.

Leo alipoingia nilimkalisha kwenye benchi, nikamweleza yote, macho yangu chini.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilijua zamani. Lakini nikimwambia fungua mdomo unywe dawa, alikuwa anafungua. Neno lingine lolote nisemalo haelewi. Ni hilo tu lililokuwa limebaki kati yetu."

"Alikuwa, mama?"

"Tangu juzi hafungui. Nimekuja kuuliza kama mnayo ya maji."

Nilimwambia ampeleke hospitali. Akasema wametoka huko jana, wameambiwa wakamuuguze nyumbani. Tulikaa mpaka mvua ikapungua, akajitanda khanga kichwani, akaondoka mikono mitupu.

Vidonge bado vimejaa rafuni. Kesho nafungua saa mbili, na mtu mwingine ataniuliza vinatibu nini.

Tajiri atakuwa amesimama pembeni yangu. Nitajibu nini?