Sehemu ya Kurudisha Uliyoniachia

Kaka Masalu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mkono umekataa kuanza barua yako bila salamu.

Nimeharibu, kaka. Wiki moja baada ya kukuzika nilipanda meli kwenda kwenye zahanati ya Nansio, kisiwani Ukerewe, na ile diski yetu, kama tulivyozoea kila mwezi, kwa kuwa mtandao wa zahanati ile hauwezi kushusha vifurushi vya programu za Linux zinazoendesha kompyuta zake. Nilitaka kazi yako isilale. Diski ilikuwa imejaa, nikafuta vifurushi vyote vya zamani kupisha vipya. Nikafagia ghala letu zima la vifurushi, na juu yake nikajisifu. Kisha nikasasisha kompyuta ya maabara, na programu ya majibu ya damu imegoma kufunguka hadi leo.

Muuguzi akaniambia taratibu, "Dada Kabula, basi turudishie ya mwezi uliopita, ile ilikuwa haina neno." Nilikosa pa kuweka uso. Ya mwezi uliopita nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu, na huko mtandaoni tunakochota nako wameshaitoa. Sasa wajawazito wanavuka ziwa kuja kupimwa Mwanza. Nikisikia honi ya meli ya Ukerewe natamani kuziba masikio.

Ulinionya. Pale ofisini Mirongo, andazi mkononi, ulinieleza mama yako wa Magu anavyotunza mbegu ya mpunga ya kila msimu kwenye kibuyu chake na kukitundika juu ya meko. "Mama hali mbegu ya mwaka jana eti kwa sababu ya mwaka huu imeota." Ndivyo ulivyotaka programu tuliyokuwa tunaiandika ya kusimamia vifurushi iwe: ipige picha ya ghala lote, yaani nakala kamili, kila mwezi, ili mtu akiharibikiwa aseme tu, nirudishe siku fulani. Ukachukua sehemu ya kupiga picha. Mimi ukanipa ya kurudisha. Kila Jumatatu uliuliza, "Kabula, imefika wapi?" Nami, "Kesho, kaka." Mara harusi ya binamu, mara kichwa, mara uvivu tu. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe.

Picha moja uliwahi kuipiga, nilijua iko kwenye laptop yako. Wifi Esta alikuwa ameifungia kabatini pamoja na mashati yako, akakataa katakata: kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya kuanua tanga. Nililia mlangoni pake, naye akalia, tukakaa chini bila kuelewana. Jumamosi ukoo ulipokaa, baba yako mdogo aligawa saa, akagawa baiskeli, laptop akaniita mimi.

Nimeifungua leo asubuhi. Mtandao nimeuzima kabisa, naogopa isije ikajisasisha. Picha ipo nzima, ina tarehe ya siku ile uliyotoka ofisini ukisema kifua kinabana. Nimejaribu kupachika vifurushi kwa mkono, kimoja kimoja. Kila kimoja kinataka kingine kwanza, vinagombana, nimekwama. Bila ile sehemu ya kurudisha hakuna njia. Nikafungua msimbo wako, yale maandishi ya programu yetu, nikiomba uwe umenichoka, ukaiandika mwenyewe. Nimekuta nafasi tupu, na juu yake maneno yako: "Hapa ni pa Kabula. Asiguse mtu."

Nimelia mpaka jirani kagonga mlango. Uliningoja, kaka. Ulijua mimi ni mvivu na bado ukaningoja.

Nimeanza. Mistari sita, miwili ina makosa, na hakuna wa kumuuliza. Lakini nitaimaliza, na nitapanda meli ya Nansio na laptop yako kifuani, na kompyuta ile itarudi siku ambayo ilikuwa nzima na wewe ulikuwa hai. Wewe ndiye sina pa kukurudisha.

Pumzika, kaka Masalu. Ile kesho niliyokuahidi ni leo.

Kabula