Swali Ambalo Mashine Haikuuliza

Soweto, Moshi
Jumatatu asubuhi

Dada yangu Dominika,

Shikamoo, mwalimu wetu wa Mpanda. Msalimie shemeji na watoto, na kama yule jogoo wako mkorofi bado hajageuzwa supu, naye msalimie. Hapa ndipo ninapotakiwa kuandika kwamba sisi huku wazima, hofu ni kwako tu. Niliianza sentensi hiyo, nikaikata, nikatupa karatasi nzima. Utaona kwa nini. Soma polepole, tena ukiwa umekaa.

Usishangae barua zama hizi na simu ipo mfukoni. Kwenye simu ungeniuliza tu kama Mama mzima, na mdomo wangu ungejibu "mzima" kabla mimi mwenyewe sijafika. Halafu ungekata ukampigia yeye papo hapo. Ndiyo maana nimempa Yoramu wa lori akuletee mkononi.

Nianze na kazi, maana mambo yalianzia huko. Mdogo wako sasa ni mtu wa ofisi. Mimi niliyeishia kidato cha pili, niliyepika ugali kwenye baridi ya mlimani mpaka Wazungu wakaniita shefu, niliyeuza mitumba Nairobi nikarudi na Kiingereza cha kutosha kutukana na kuomba msamaha, leo nakalia kiti kinachozunguka, ghorofani pale Njoro, juu ya duka la vipuri. Bosi wangu ni dada mmoja, Arzina, wa familia za Kihindi za hapa mjini, na Kiswahili ananishinda. Anatengeneza huduma ya simu ya kuwakumbusha wazee wa huku milimani dawa zao na siku za kliniki. Kwanza anataka kujua wanaishije na maradhi yao. Lakini hatutumi mtu kwenda kuuliza. Mashine yenye akili mnemba inawapigia kwa sauti ya binti mpole, inauliza, inasikiliza, halafu inatunga yenyewe swali la nyongeza kutokana na jibu. Kazi yangu ni kuiandikia mwongozo wa mazungumzo: ianze wapi, itafute nini, ichimbe wapi, ikome wapi. Kwa kifupi, mashine inasoma darasani kwangu. Baba angekuwa hai angecheka mpaka pombe yake ya mbege imwagike.

Mwongozo wangu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Niliuliza: "Je, mzee wangu, una shida yoyote ya afya?" Wote, kule kwetu Kilema nzima, wakajibu hawana shida, wanamshukuru Mungu. Bibi mmoja alijibu hivyo huku akikohoa hadi mashine ikadhani mtandao umeharibika. Arzina aliposoma ripoti akaniambia kwa mwendo huu tufunge hospitali tuzigeuze kumbi za harusi. Akanielewesha kwamba ukimuuliza mzee kama ana shida, umemuuliza kama ana adabu. Kweli kabisa. Huku kwetu mtu ana jeneza sebuleni, ukimuuliza habari anasema nzuri, ndipo akuambie nani amekufa. Kwa hiyo, akasema Arzina, usimuulize kama ana shida. Mwambie akusimulie siku moja, ile ya mwisho aliyokwenda kliniki, tangu alipoamka. Usimtilie jibu mdomoni. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Nikaongeza na yangu, maana mashine haioni uso. Mzee mmoja aliiambia kwamba mkewe amefariki, ikamuuliza kwa nini, akajibu, ikauliza tena kwa nini, mpaka akakata simu. Nikaandika: akilia, mpe pole, usichimbe. Na mwanzoni kabisa nikaweka sentensi niliyotembea nayo kifua mbele mjini kote: "Utakayosema hapa hayatawafikia watoto wako." Nilijua wazee wetu hawamfichi daktari, wanatuficha sisi. Arzina alisimama kunipa mkono. Baada ya hapo wazee walifunguka kama bomba lililopasuka.

Sasa kaa vizuri, Dada. Kila anayehojiwa hutumiwa vocha ya shukrani, nami kwa ujanja wangu nikaichomeka namba ya Mama, nikidhani nampa zawadi. Kazi yangu nyingine ni kusikiliza rekodi, nione kama mashine inaelewa Kiswahili chenye Kichagga ndani yake. Rekodi hazina majina. Alhamisi nikafungua moja, nikasikia ng'ombe akilia, na huyo ng'ombe nikamjua kabla sijamjua msemaji. Kisha Mama akaiita mashine "mwanangu".

Nilipaswa kuzima. Sikuzima.

Mama ana uvimbe kwenye titi. Aliujua kabla ya Pasaka, na sasa umekuwa kidonda. Anakifunga kwa kipande cha kanga, ndiyo maana siku hizi anatupa mkono tu, hakumbatii mtu. Alisimulia kama swali langu lilivyomtaka, tangu alipoamka: alikama, akapanda bodaboda peke yake mpaka hospitali mjini, wakampima, wakamwandikia aende kuanza matibabu. Akatoka, akapita sokoni akanunua chumvi, akarudi kumkatia ng'ombe majani. Hajarudi tena kule.

Mashine ikamwomba aeleze kilichomrudisha nyuma. Akasema wewe ukijua utaacha kazi uje kumuuguza, na hiyo kazi alikusomeshea kwa kahawa ya shamba zima la kihamba. Mimi je? Nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Yule wa kiume anachekesha watu ili asiulizwe lolote. Nikimwambia hili atakosa la kuchekesha, ataingia kwenye pombe iliyomuua baba yake."

Swali la mwisho la mwongozo wangu linauliza kama kuna jambo ambalo hajaulizwa. Arzina alisema mara nyingi mtu hutoa lenye uzito hapo, akiwa anaaga. Mama alinyamaza. Mashine ikamwacha anyamaze, kama nilivyoifundisha. Kisha akasema: "Hujaniuliza kama naogopa."

Nayo ikamshukuru kwa muda wake, ikamwambia vocha itaingia, ikakata. Haina kosa. Chini ya swali lile sikuandika kitu chochote. Nilidhani mazungumzo yameisha.

Jana Jumapili nilipanda Kilema. Nikamkuta jikoni anamenya ndizi za mtori. Njia nzima nilikuwa nimejipanga nimwambie anisimulie siku yake moja ilivyokuwa, halafu nifunge mdomo. Mimi ndiye mwenye mwongozo, Dada! Nikaingia, nikamwamkia, nikamuuliza kama hajambo. Akasema hajambo. Nikamwambia mtori wake ungeweza kumfufua marehemu katikati ya mahubiri. Akacheka, huku amejishika ubavuni. Nikala bakuli mbili, nikashuka mjini.

Hilo ndilo ninalokuungamia. Nimekosa kwa kuisikiliza rekodi ile, na ahadi niliyoiandika kwa mkono wangu naivunja kwa barua hii. Leo namweleza Arzina, na kazi ikiondoka iondoke. Lakini lililonikaba ni lile la jikoni. Nilikuwa na swali, na Mama alikuwa mbele yangu.

Njoo. Usipige simu nyumbani kwanza. Nitakupokea stendi, tupande pamoja. Nitaanza mimi kumwambia kwamba nilimsikia, anitukane apendavyo. Kisha wewe muulize kama anaogopa, maana mimi sina ubavu huo. Akinyamaza, tusimjazie maneno. Nitakaa kwenye kile kigoda cha Baba, na sitasema kichekesho hata kimoja. Nishike mkono ukiona mdomo unaniwasha.

Wape salamu zangu wote wa huko. Mama hakutuma salamu, hajui kama nimeandika. Nawe usinijibu kwamba u mzima. Nitumie ujumbe uniambie barua hii imekukuta ukifanya nini, na ulipoikunja ulifanya nini.

Mdogo wako aliyeishiwa utani,
Primus