Nyota Uliyorudishiwa

Mpendwa Baba,

Nasema mpendwa kwa sababu nilikupenda, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Unakumbuka ulivyotufundisha gwaride, mimi na kaka yangu Kirimi, kati ya matuta ya viazi pale Kibirichia? Ulikuwa umerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia kule Bama na medali, nyota ya shaba, nasi tuligombania kuisugua kwa majivu. Ulikuwa ukicheka, ukisema ing'arishwe zamu kwa zamu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Vijana wote wakaitwa kambini wachujwe, ijulikane nani amekula kiapo cha kumpinga Mzungu. Asubuhi ile ulimbandika Kirimi nyota yako kwenye shati.

"Mzungu akiona hii, atajua wewe ni mtoto ya askari," ulimwambia.

Niliwafuata nyuma na kibuyu cha uji. Niliamini, maana ulikuwa umesema wewe.

Kambini, afisa Mzungu aliigeuza nyota akitafuta jina. Nyota zile hazikuandikwa jina la mtu.

"Wewe naiba wapi?"

"Ni ya baba," Kirimi akasema, akakuonyesha kwa kidole.

"Ni yangu, afande," ukaitikia, umesimama wima.

"Basi chukua medali yako. Kijana nabaki."

Ukaichukua, Baba. Ukapiga na saluti! Hukusema, "Baki na nyota, nipe mwanangu." Tulirudi nyumbani nyota ikiwa mfukoni mwako, na Kirimi hatukumwona tena, si mzima wala maiti.

Mama alikuuliza, "Baba Kirimi, kijana yangu iko wapi?" Ukamfokea asikuite hivyo tena. Tangu hapo ukataka kijiji kizima kikuite Koplo, nacho kikakuita. Kila sikukuu ulivaa nyota ileile, ukatembea kifua mbele, Mama akikutazama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Wewe ulikuwa nani?

Najua uliogopa. Kila mtu aliogopa. Mimi uji ulinimwagikia miguuni. Lakini woga hauvaliwi kifuani miaka yote hiyo. Nimechoka kukutetea mbele ya watoto wangu.

Juzi wajukuu wako walileta fundi wa kuchonga jiwe la kaburi lako. Walitaka aandike "Koplo". Nilikataa, tukazozana sana, lakini mimi ndiye mkubwa hapa. Limechongwa "Baba Kirimi", kwa herufi kubwa.

Sasa lala nalo.

Binti yako,
dada yake Kirimi