Meza ya Sayansi Kimu

9 Januari

Mwanangu,

Salamu hizi zikukute umeshaamka. Mimi sijambo, ila miguu inalalamika, na mashine mpya ya kufulia hapa hospitali inatikisika kama inataka kuhama. Simu yangu usiipige tena. Niliisahau kwenye mfuko wa koti la kazi, ikafuliwa pamoja na mashuka ya wodi nzima. Imetoka safi na imekufa. Kwa hiyo barua hii inakuja na dereva wa lori la sabuni, na jibu umpe yeye huyohuyo.

Sasa sikiliza, na usisome huku unatafuna. Jumamosi ijayo shule ya mdogo wako inaita wazazi. Wanaoingia kidato cha tatu wanachagua masomo ya sayansi, na asiye na mtu mzima wa kumsimamia haandikwi. Ruhusa nimenyimwa. Mtu mzima aliyebaki ni wewe, Mungu atusaidie.

Mdogo wako anataka fizikia na kemia. Nilimsimulia ile mashine ya kupiga picha za mifupa hapa kazini, ilivyokaa miezi imefunikwa shuka kwa sababu hakuna fundi wa kuifungua, na tangu siku hiyo haongei kingine. Usimbadilishie. Usiwachoshe walimu na habari za mafriji. Vaa shati lenye vifungo vyote. Ukifika sema maneno mawili tu: fizikia, kemia. Hata kasuku angeweza.

Mama yako


19 Januari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku wote wazima. Mimi ni chuma kama kawaida, na mdogo wangu Balbu anaendelea vizuri isipokuwa jino, limemvimbisha shavu mpaka anafanana na mjomba. Bado hataki nimwite Balbu, utadhani si yeye aliyefungua taa zote za nyumba aone zinawakaje, tukalala gizani. Pole kwa simu. Ingekuwa karibu ningeifufua, mikono yangu unaijua.

Kazi uliyonituma imekwisha, na nimeifanya vizuri kuliko ambavyo ungeifanya mwenyewe. Usikasirike, nasema kweli tupu. Balbu alibaki kitandani na shavu lake, nikaenda peke yangu. Shati lilikuwa na vifungo vyote. Kimoja nilikichora kwa kalamu, hakuna aliyegundua.

Ukumbini walipanga meza, kila meza na mwalimu wake na bango lake: Fizikia, Kemia, Baiolojia, Kompyuta, Kilimo. Mama, foleni ya fizikia ilitoka mlangoni, ikazunguka vyoo, ikakutana na foleni ya kemia, watu wakawa hawajui tena wanangojea nini. Mzee mmoja alisimama muda mrefu nyuma ya mtu ambaye kumbe anamsubiri mke wake tu. Mimi nilivumilia. Nilimweleza jamaa wa mbele yangu gesi ya friji inavyozunguka, akaamua kwenda kilimo. Huyo si mwalimu, kwa hiyo sikuvunja amri yako.

Ndipo nikamwona mwalimu mmoja mama wa makamo, kwenye kona, meza ina kitambaa, kiti cha mgeni kipo, maji ya kunywa yapo, foleni hakuna. Akaniita. "Karibu kijana, unamwandikisha nani?"

"Mdogo wangu. Anataka sayansi."

"Basi umefika. Hii ni sayansi kimu."

Kimu! Mama, mimi shule niliiachia kidato cha pili, lakini akili sikuiacha huko. Kemia ya watu wote inaitwa kemia. Ile kali kabisa lazima wameikata jina, kama wanavyofanya kwenye gesi za friji: kitu kikiwa na nguvu hakihitaji jina refu. Hata hivyo sikukurupuka, nilimhoji. Nikauliza, "Kuna moto?" Akasema, "Tena mwingi." "Kuna kupima?" "Kila siku, usipopima umeharibu." "Na kuchanganya?" Akacheka, "Kuchanganya ndiyo kazi yenyewe." Nikajua hapo ndipo.

Akanitahadharisha kwamba vipindi vyake vinagongana na vya fizikia na kemia, mtu achague upande mmoja. Nikasema moyoni, somo linalogongana na fizikia na kemia kwa pamoja na bado limesimama, hilo si la mchezo. Nikamwandikisha. Nilikunywa na maji.

Balbu nimemwambia ameingia sayansi kali kuliko zote. Amenikumbatia na shavu lake lote.

Mwanao wa kwanza, daktari wa mafriji


28 Januari

Mwanangu,

Sijambo, usiniulize zaidi ya hapo. Nakuombea afya, maana nataka nikukute mzima.

Sayansi kimu ni mapishi. Ni kushona, kufua, kupiga pasi, kulea mtoto na kupanga nyumba. Moto aliokuambia ni wa jiko. Kupima ni kupima unga. Kuchanganya ni unga na mayai. Ulimuuliza yule mama wa watu maswali matatu, na hata moja halikuwa "kimu maana yake nini?"

Barua yako niliisoma huku nikipiga pasi. Nilipofika pale "hilo si la mchezo", nikasimama, na pasi nayo ikasimama. Koti la daktari mkuu wa watoto sasa lina alama ya pasi mgongoni, na mimi nina onyo.

Unielewe. Kupika ni elimu, kushona ni elimu, na nyinyi wawili nimewalea kwa kufua. Lakini mtoto anataka kufungua mashine, wewe umempeleka kuvunja mayai. Nilikuambia maneno mawili. Mawili! Ungeyaandika kiganjani kama ulivyochora kifungo.

Rudi shuleni ukayarekebishe. Akili yako iache nyumbani, nenda na miguu tu. Na umwambie mdogo wako ukweli kabla hajausikia darasani.

Mama yako


8 Februari

Mama,

Shikamoo. Huku kuna uzima, ila amani hakuna.

Barua yako ilifika siku moja baada ya shule kufunguliwa, kwa hiyo ule ukweli Balbu aliusikia darasani. Alirudi na sindano, uzi, na kipande cha kitambaa cha kushonea aproni, akavipanga mezani mbele yangu kimoja kimoja kama polisi anayeonyesha vitu vya wizi. "Hii ndiyo sayansi kali?" Nikamwambia hata sindano ni chuma, na chuma ni fizikia. Mama, nilikuwa natania! Alinirushia mwiko. Tangu hapo akinihitaji anasema "wewe bwana". "Wewe bwana, chumvi." Nimemletea karanga, hakugusa. Nimemletea feni nzima ya friji lililokufa aifungue, akaniuliza kama ina mayai ndani.

Na mimi nina lawama yangu ndogo. Ungeandika tu "kimu usikubali", haya yote yasingetokea.

Nimekwenda shuleni kama ulivyosema. Mwalimu wa taaluma ni mtu anayekusikiliza huku anaandika vitu vingine. Nikamweleza, akasema, "Kwa hiyo ulidhani ni kemia." Nikasema kemia iliyokatwa jina. Akaacha kuandika, akaenda dirishani, mabega yanamtikisika. Akarudi na macho mekundu, anasema ni vumbi.

Habari nzuri: nafasi moja ya fizikia na kemia ipo, kuna mwanafunzi kahama na wazazi wake. Wanaishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Habari mbaya: darasa la kimu lina wanafunzi ishirini kamili, na chini ya ishirini shule inalifunga na mwalimu wake anahamishwa. Kwa hiyo hakuna anayetoka mpaka mwingine aingie.

Nilikwenda kwa yule mwalimu wa kimu mwenyewe, nikamkuta anafuta meza zake. Nikajaribu kumtisha kidogo, nikamwambia umemdanganya mtu. Akasema, "Kijana, kila nilichokujibu ni kweli. Hukuniuliza nachanganya nini." Kisha akaniambia taratibu, "Niletee mmoja, nitamwachia mdogo wako siku hiyohiyo. Nisipopata, itabidi nimng'ang'anie. Na mimi nina darasa langu."

Basi natafuta. Mtoto wa kinyozi amecheka mpaka mteja akakatwa sikio, kidogo tu. Binti wa muuza mkaa ameshaingia kilimo. Wale mapacha wa jirani mama yao amenifukuza, anadhani nauza kitu. Nitapata tu, watu wote wananijua mimi ni nani.

Mwanao, mzima isipokuwa bega palipofika mwiko


16 Februari

Mwanangu,

Mimi mzima. Bega limepona? Vizuri, sasa nipe masikio.

Watu wote wanakujua wewe ni nani, ndiyo maana humpati hata mmoja.

Mdogo wako kanitumia mistari miwili kwa dereva. Anasema: "Mama, leo nimeshona tundu la kifungo, mwalimu kasema zuri. Naomba usifurahi." Nimeisoma mara nyingi. Mtoto huyu hanililii, na hilo ndilo linaloniumiza. Angelia ningejua la kumwambia.

Nimeomba ruhusa tena. Msimamizi anasema mwenye onyo haombi ruhusa, nikiondoka nisirudi. Basi nimeamua. Ikifika mwisho wa mwezi hujampata mtu, nafunga mizigo nakuja kusimama mbele ya huyo mwalimu wa taaluma mwenyewe. Kazi iende. Mashuka ya kufua hayakosekani duniani. Fizikia ya mwanangu iko moja.

Usiniandikie kunituliza. Niandikie umepata.

Mama yako


27 Februari

Mama,

Shikamoo, na kama umeshafunga mizigo, ifungue.

Nimepata mtu. Ni kijana mmoja hodari, sura nzuri, mikono ya dhahabu, aliwahi kumaliza kidato cha pili akaona inamtosha. Ana miaka kumi na tisa. Umeshamjua, usijifanye.

Sikutaka, nisikudanganye. Barua yako nilikaa nayo kutwa nzima karakana, nikafunga kompresa kinyumenyume, friji likawa linapasha moto. Nikaona huyu mama kweli atakuja, namjua. Nikanawa mikono, nikaenda. Mkuu wa shule kasema aliyeacha anaweza kurudi kabla hajafika miaka ishirini, aanzie alipoachia. Akaniuliza, "Una uhakika na somo unalojiandikishia safari hii?" Wananijua shule nzima, mama. Nikamjibu, "Mapishi, kushona na kulea mtoto, mheshimiwa. Nimeulizia."

Bosi wangu alicheka mpaka akakalia kompresa ya moto, ndipo akanyamaza. Nitakuwa kwake jioni na Jumamosi.

Nimeanza Jumatatu. Magoti hayaingii chini ya dawati. Watoto wananiita Babu. Mwalimu aliposoma majina na kufika langu, niliitika sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, sijui hata ilitoka wapi. Darasa likaanguka kwa kicheko. Siku ya pili nilishona aproni yangu vizuri sana, mishono imenyooka, nikasimama kuwaonyesha, kumbe nimeishona na suruali. Tena unga nilioukanda jana, mwalimu aliubonyeza kwa kidole akasema tuuhifadhi, shule ina ukuta unaohitaji tofali. Nimemkasirikia yule mwalimu mpaka kengele. Nilidhani ningekuwa wa kwanza bila jasho, kumbe wale wasichana wa mbele ni moto, hawaniangalii hata kidogo.

Balbu aliingia fizikia siku hiyohiyo. Juzi alikuja na betri na waya, akanieleza jambo mpaka chakula kikapoa. Sikuelewa hata nusu, nikawa natikisa kichwa kama mtu mwenye shahada. Akaniambia, "Hujaelewa." Nikasema nimeelewa. Akaanza upya, polepole, kwa kutumia friji. Sasa mama, hilo friji ni langu, nimelifungua maisha yangu yote, nikamsikiliza kidogo.

Usinijibu barua ndefu. Nina mtihani wa vishikizo na pindo, na ninaogopa.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Wote huku wazima. Mizigo nimeifungua.

Nimechoka na wewe, nilitaka ulijue hilo kwanza. Nilikubembeleza miaka mitatu urudi shule, nikakutumia mjomba, nikakutumia majirani, nikanyamaza, nikapiga kelele. Ukaniambia shule ni ya wasiojua kazi. Kumbe ningekutuma tu ukanikosee.

Usimjibu yule mwalimu vibaya. Unga wako ukiwa mgumu, maji ni kidogo au mikono ina hasira. Pindo likunje mara mbili kabla ya sindano kuingia. Na suruali uivue pembeni kwanza.

Leo tulipokuwa tukikunja mashuka, yule mwenzangu mpya kaniuliza watoto wangu wanafanya nini. Nimemwambia wako shule, wote wawili wanasoma sayansi. Hakuuliza sayansi gani, na mimi sikumwambia.

Mama yako